Sinia Lililokwenda Kinyume

Lahij, 20 Februari 1996

Khuraman wangu, mtundu wangu,

Usininunie kwa kukaa kimya miezi mitatu. Theluji ilifunga njia ya korongoni, na basi limeanza kupita wiki hii tu. Tena nilikuwa na shughuli: nilikuwa nafurahi. Kumbe ni kazi ya kutwa!

Nianzie wapi? Karakana ya Avaz iko chini ya nyumba yetu, kwa hiyo nyundo yake naisikia tangu chai ya asubuhi. Inagonga shaba, nami nakanda unga kwa mwendo wake. Ikinyamaza najua anapanda ngazi, na moyo wangu unapanda naye. Anaingia na masizi mikononi, ananigusa shavu makusudi, kisha anamwita mama mkwe: "Mama, njoo umwone mke wa mwanao, amejipaka nini tena usoni?" Mama mkwe anacheka mpaka anashika mbavu. Kila siku! Na kila siku najifanya nimekasirika.

Sikiliza sasa. Wenzangu wakiolewa hupewa pete. Mimi nimepewa faneli! Faneli ya shaba, yenye midomo kumi na mmoja, ya kumwagia uji wa mchele kwenye bamba la moto, upate nyuzi za halua ya tabaka kama ile ya baba. Avaz aliniuliza tu, siku ya kwanza, "Ya baba yako ina midomo mingapi?" Wiki ya pili ikawa juu ya meza, imechorwa maua ukingoni kote. Khuraman, ya baba sikuruhusiwa hata kuiosha. Hii nimelala nayo chini ya mto siku mbili. Usimwambie mtu.

Lakini kuna jambo moja. Sikukuu ya Nauruzi inakuja, na huu ni mwaka mpya wa kwanza kwangu tangu niolewe. Mtaani hapa kila bibi harusi huletewa sinia na baba yake kabla ya Jumanne ya Udongo, Jumanne ya mwisho ya mwaka. Linapitishwa barabarani wazi, bila kufunikwa, watu wote walione. Asiyeletewa huitwa mtu asiye na kwao, na jina hilo huzeeka nalo. Mimi niliyetoroka kwa mlango wa nyuma na begi moja, unaona wanavyonitazama. Jana jirani yetu Bi Tukazban kaniuliza kisimani, mbele ya wanawake sita: "Bibi harusi, sinia lenu linatoka kwenu Sheki au linashuka mbinguni? Maana njia zote mbili naona ndefu."

Nikamwambia, "Tafuta miwani yako Bi Tukazban, lisije likakupita."

Nimesema hivyo kwa kichwa juu. Sasa niambie ukweli: baba anasemaje?

Dada yako mwenye masizi shavuni,
Nubar


Sheki, 27 Februari 1996, Jumanne ya Maji

Dada Nubar,

Umelala na faneli! Na mume umemlaza wapi?

Barua yako niliisomea chooni, maana ndiko pekee katika nyumba hii mtu anakoachwa peke yake. Tangu uondoke baba ananihesabu kila asubuhi kama vijiko. Nikienda kwa jirani kuomba chachu, narudi namkuta mlangoni.

Ulitaka ukweli, huu hapa. Jumapili mama alimwekea chai na kusema, sauti laini kabisa: "Movsum, mtoto ana Nauruzi yake ya kwanza. Fungu lake tunalituma lini?"

"Mtoto gani?"

"Wako. Yule mwenye pua yako."

"Angekuwa na pua yangu angekuwa na haya."

"Pua na haya vinahusiana nini, mume wangu?"

"Sinia langu haliendi Lahij," akasema, akaacha chai ikiwa nusu. Mama aliimwaga uani, na machozi yake juu yake.

Mimi nilidhani anamchukia Avaz kwa kuwa si wa kwetu. Nikajikaza, nikamuuliza dukani. Alinitazama kama niliyeuliza rangi ya maziwa. "Yule kijana? Alinitengenezea masufuria vizuri. Hana kosa." Basi kosa ni la nani, na ni lipi? Akaenda jikoni, akafunga mlango.

Mama ana mpango. Atanunua halua na vikate vitamu vya shekerbura kwa mpishi wa sokoni, Usta Rza, apange kwenye sinia zuri, ampe Eldar dereva wa basi, na Eldar aseme mtaani kwenu kwamba limetoka kwa Fundi Movsum. Lahij nani atajua ladha ya nani ni ya nani? Mama anangoja neno lako tu. Kubali, dada. Utawafunga watu midomo.

Mdogo wako aliyehesabiwa,
Khuraman


Lahij, 4 Machi 1996

Khuraman mpenzi,

Mbusu mama mikono yote miwili na umwambie hapana.

Halua ya Usta Rza ipite mtaani kwangu kwa jina la baba? Yule anayeweka unga mwingi kuliko kokwa? Lahij hawatajua, sawa. Mimi nitajua. Nitasimama mlangoni nimevaa gauni langu jekundu, nikipokea uongo kwa mikono miwili, na Avaz pembeni yangu akijua. Sikutoroka kwa mapenzi ya kweli ili nije kuishi kwa sinia la bandia.

Kwa hiyo nimefanya jingine. Kaa chini kwanza.

Kama sinia haliji kwangu kutoka kwa baba, litakwenda kwa baba kutoka kwangu.

Najua, najua! Nakusikia unavyopiga kelele. Mama mkwe naye alishika kichwa: "Mwanangu, sinia hushuka kutoka kwa wazazi, halipandi." Nikamwambia, "Mama, hili litapanda." Akanitazama, akakunja mikono ya gauni, akasema, "Basi makaa nitageuza mimi, wewe utaiunguza halua."

Unashangaa nilijifunza wapi? Miaka kumi nilifagia sakafu ya duka, na nilifagia zaidi pale karibu na mlango wa jiko. Sheki nzima hakuna sakafu safi kama ile. Nimeloweka mchele siku mbili, nikausaga, nikaupitisha kwenye kitambaa. Nyuzi za kwanza zilikatika, za pili zikashikana, za tatu zikatoka, Khuraman, zikatoka kama pazia la bibi harusi! Avaz aliacha kazi akaja kusimama nyuma yangu. Alinishika kiuno tu, na nikaharibu ya nne. Katikati nimeweka kokwa zilizopondwa, iliki na giligilani, na juu nimechora miraba ya zafarani kwa unyoya wa bata bukini. Sinia amelifua kwa shaba Avaz mwenyewe. Asubuhi shira ilikuwa imeingia mpaka chini, nami nikalia kama mjinga.

Eldar analileta Alhamisi. Nimemwambia asilipeleke nyumbani. Alipeleke dukani, watu wakiwa wamejaa. Unajua desturi: sinia la Nauruzi halirudi tupu, hata likitoka kwa mtu msiyesalimiana naye. Akilirudisha na kitu chochote, hata yai moja jekundu, nina baba na mtaa wote utaona. Akilirudisha tupu, atakuwa mtu wa kwanza Sheki kufanya hivyo, na awaeleze wateja wake.

Naogopa? Naogopa sana. Lakini nafasi yake basini nimeshalipa.

Nubar, mke wa Avaz (napenda kuandika hivyo!)


Sheki, 9 Machi 1996

Dada kichaa,

Nilikuwepo. Nilikuwa nafunga vipande kwenye karatasi, na duka limejaa hadi nje. Eldar akaingia na sinia kichwani, akapaza sauti ile anayoitia vituo: "Fundi Movsum! Mzigo kutoka Lahij! Kutoka kwa binti yako!"

Watu wote wakageuza shingo.

Mzee Piri, unamjua asivyoweza kufunga mdomo, akasema, "Ajabu! Tangu lini binti akamletea baba fungu la sikukuu? Fundi, dunia imepinduka au mimi nimezeeka?"

"Umezeeka," baba akasema. Akafunua kitambaa.

Dada, hakuangalia juu, pale ulipochora. Aliinama mpaka jicho lake likawa sawa na meza, akatazama ubavuni, akahesabu tabaka kwa midomo. Akanusa. Akageuza sinia, akaligonga kwa ukucha, akasikiliza. Kisha akanigeukia mimi! "Nani alimfundisha?"

"Si mimi, baba. Mimi hata chai naunguza."

"Onja basi, Fundi!" Mzee Piri akasema.

"Nimeshiba."

Akalifunika, akaliweka rafu ya juu kabisa, nyuma ya magunia ya sukari. Jana ametundika pazia zito mlangoni mwa jiko, na ufagio ameuhamishia uani. Nadhani amekumbuka nani alikuwa anafagia.

Sasa hili ni la siri. Ijumaa nilipanda kuchungulia. Kipande kimoja hakipo. Mama akasema ni panya. Jumamosi, yaani leo, vitatu havipo. Dada, panya wa Sheki wamestaarabika: wanakata kwa kisu, kingo zimenyooka, na wakimaliza wanarudisha kitambaa na kukikunja.

Na nimemsikia akimwambia mama, anadhani nimelala: "Ameichukua. Yote. Ameibeba kichwani akaenda nayo." Mama akamuuliza, "Kachukua nini, Movsum? Begi lake nililipanga mimi."

Kwa hiyo kinachomuuma si Avaz, dada. Nadhani hata si kutoroka.

Sinia bado liko rafuni. Si tupu, halijajaa, halirudi wala haliendi. Zimebaki siku kumi.

Khuraman


Sheki, 11 Machi 1996

Kwa Nubar, Lahij.

Sinia lako limefika.

Kazi hii nilifundishwa na baba yangu, naye na baba yake. Hakuna kati yao aliyemfundisha binti. Si kwa kuwachukia mabinti. Binti huolewa, na akiolewa kazi huondoka naye, ikawa ya watu wengine. Mimi sikupata mtoto wa kiume. Hilo nilikwisha kulikubali. Nilikubali pia kwamba kazi hii itaishia mikononi mwangu, nami nitafunga mlango mwenyewe. Ni bora hivyo kuliko kuiona imetapakaa milimani.

Mama yako halali. Kwa ajili yake nasema hivi. Kabla ya Jumanne ya Udongo nitakuja Lahij mimi mwenyewe. Nitabeba sinia lililojaa, nipite nalo mtaani kwenu kutoka mwanzo hadi mwisho, kila mtu aone. Mume wako nitampa mkono mbele yao.

Sharti ni moja. Andika kwa mkono wako kwamba hutatengeneza tena halua hii, wala hutamwonyesha mtu yeyote namna yake.

Ukiandika, una baba.

Movsum


Lahij, 15 Machi 1996

Baba yangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimekaa kwenye ngazi za karakana, na nilipofika pale uliposema utampa Avaz mkono nililia kwa furaha. Niliona kabisa: wewe na kofia yako nyeusi, sinia begani, Bi Tukazban kasimama mdomo wazi. Kisha nikasoma mstari uliofuata.

Nilimpa Avaz asome. Alifuta mikono, akasema, "Andika, Nubar. Ni sinia moja, watu wakuheshimu, tuishi maisha yetu. Faneli nitaiyeyusha niifanye kikombe." Alisema hivyo kwa kunionea huruma, na alikuwa ametazama ukutani. Nikamwambia, "Ukiiyeyusha utalala huku huku karakanani." Akageuka, baba, na uso wake uling'aa kama shaba iliyosuguliwa. Hapo nikajua jibu langu, na nikajua tena kwa nini nilitoka kwa mlango wa nyuma.

Sitaandika.

Unasema kazi itaondoka na binti. Imeshaondoka. Iko hapa, kwenye vidole vyangu, na vidole vyangu siwezi kuvirudisha kwa basi. Unasema itakuwa ya watu wengine. Baba, ni watu gani hao wengine? Mimi nilizaliwa chumba cha juu ya duka. Nilipokuwa mchanga mama alinilaza kwenye gunia la mchele. Nywele zangu zilinuka iliki shuleni mpaka wenzangu wakaniita bakuli la halua. Kama mimi ni mtu mwingine, wa kwako ni nani?

Umekubali kufunga mlango ufe nao. Funga wako. Wa kwangu siufungi. Nitatengeneza halua hii Nauruzi hii, na ijayo, na nikizaa mabinti saba nitawafundisha wote saba, nao wataolewa Ganja na Baku na kokote watakakopenda, na kila mmoja ataondoka nayo kichwani.

Nalitaka sinia lako. Sitaki kukudanganya, nalitaka sana hata naona aibu. Lakini kwa sharti hilo, usije.

Binti yako, utake usitake,
Nubar


Lahij, 21 Machi 1996

Khuraman wangu,

Mwaka mpya uwe wa heri kwako, mtundu.

Hakuja. Jumanne ya Udongo nilivaa gauni jekundu hata hivyo. Kila basi lililopita nilijifanya nafagia kizingiti, mama mkwe akanipokonya ufagio: "Utatoboa jiwe, mwanangu."

Alasiri Bi Tukazban akaja, na nyuma yake nusu ya mtaa. Miwani puani. "Haya bibi harusi, nimeivaa. Nitazame wapi?"

Sikuwa nimekaa bure, Khuraman. Tangu Jumamosi nilikuwa kwenye bamba langu, na meza nzima ilijaa sahani: nyumba kumi na nne za mtaa huu, sahani kumi na nne. Nikachukua ya kwanza nikampa mkononi. "Tazama hapa."

Akaitazama miraba ya zafarani, akaketi kwenye kizingiti changu, akala. Akala polepole. Akaniuliza, "Hii ni ya baba yako?"

Mdogo wangu, neno "ndiyo" lilikuwa mdomoni, tamu kuliko halua yenyewe. Nani angejua? Nikasema kwa sauti, hata wa nyuma wasikie: "Ni ya kwangu. Nimepika mimi. Baba hakuleta kitu, na hataleta."

Nilingoja wacheke. Bi Tukazban akalamba kidole. Kisha akawageukia wenzake: "Mmesimama nini kama nguzo? Hamna kitu nyumbani? Mtoto katoa sahani kumi na nne, zirudi tupu?"

Hazikurudi tupu. Mpaka jua linazama zilikuja kumi na nne: mayai mekundu, pilau, zabibu, shekerbura zilizofinywa kila nyumba kwa mtindo wake. Meza ikajaa, tukapanga nyingine sakafuni. Avaz aliruka moto wa sikukuu mara saba na mimi nimemshika mkono, mara ya saba akaunguza suruali, na mama mkwe akasema hiyo ndiyo heri ya mwaka. Nilicheka mpaka nikalia, na kulia nako kulikuwa kwa kweli kidogo, maana sinia langu bado liko rafuni kwa baba.

Lakini sijutii hata herufi moja. Mwambie hivyo akikuuliza. Asipokuuliza, mwambie pia.

Nubar


Sheki, 28 Machi 1996

Kwa Nubar, Lahij.

Sinia lako halirudi. Limekaa sawa juu ya makaa, halipindi, na moto linausambaza pande zote, kazi ambayo masinia yangu yameacha kufanya miaka mingi. Nimeanza kulitumia. Kwa kuwa halirudi, hakuna wa kusema limerudi tupu, na Piri nimemwambia hivyo hivyo.

Usidhani nimeshindwa. Bado nasema ulikosa, na barua yako ina maneno ambayo binti hamwandikii baba. Nimeisoma mara nyingi kuyahesabu.

Halua yako imekwisha, nayo ina makosa manne.

Nyuzi ni nene. Kosa si la mkono wako, ni la faneli. Mumeo ametoboa matundu ya kupendeza macho. Ayazibe, atoboe upya kwa msumari mwembamba kuliko wote alionao.

Mchele uliuloweka siku mbili. Ni tatu, na maji hubadilishwa asubuhi na jioni.

Giligilani uliisaga jana yake. Husagwa siku hiyo hiyo, la sivyo huwa majani makavu.

Tabaka za juu uliweka nne. Ni tano. Ya tano hukuiona kwa sababu naiweka mlango ukiwa umefungwa.

Zafarani haina kosa.

Hiyo ya tano haiandikiki kwenye karatasi, huonyeshwa kwa mkono. Pazia nimeliondoa. Kazi huanza saa kumi na mbili asubuhi, na anayechelewa simsubiri. Mfua shaba aje na nyundo, nina masinia tisa yaliyopinda.

Ingieni kwa mlango wa mbele.

Fundi Movsum